Paa la Vioo Juu ya Kitanda cha Babu

Hagg Moor, Durham
Jumapili, 4 Oktoba 1987

Gaynor,

Nani alikutuma? Nijibu hilo kwanza. Nani alikutuma umletee babu yako ramani ya chumba cha vioo bila kuniuliza mimi ninayeishi ndani ya nyumba hii? Bahasha ilikuwa na jina lake, nikampa aifungue mwenyewe, nikidhani ni picha za kondoo wa huko kwenu. Sasa ile karatasi iko juu ya blanketi lake tangu Jumanne, hataki iondolewe hata wakati wa kula. Ameimwagia mchuzi. Ungekuwa karibu ningekuchapa, na miaka yako ishirini na minane.

Haya, salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti. Shangazi yako Doreen kaweka meno mapya, siku hizi anacheka hata msibani ili yaonekane. Norman Tunstall wa jirani anakuja kila asubuhi kuwalisha njiwa wa babu yako, kisha anakaa jikoni kwangu anamaliza vikombe vitatu vya chai, kwa hiyo usidhani ni msaada wa bure. Ivy Pallister wa nyumba ya mwisho aliteleza kwenye ngazi za kanisa. Hakuumia hata kidogo, ila anavyosimulia utadhani katoka vitani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kitanda tulikishusha chini mwezi wa Julai, nilikuandikia. Daktari alisema ngazi basi, kifua kimejaa vumbi la makaa na pumzi iliyobaki si ya kupandia ngazi. Chumba cha mbele kinatazama ukuta wa klabu. Mtu aliyechimba makaa chini ya ardhi miaka arobaini na miwili sasa amelala anatazama matofali. Njiwa wake anawasikia wakipiga mbawa upande wa uani, hawaoni. Halalamiki. Angelalamika ningejua namna ya kumjibu. Anauliza tu, "Norman, yule jike wa bluu yukoje leo?" Norman anamweleza, naye anafumba macho ili amwone.

Anataka kitu kimoja. Anataka kuwaona njiwa wake wakirudi kutoka Ufaransa mara moja tena. Mashindano ya Ufaransa, wanakoachiwa huko waruke mpaka makwao, ni mwezi wa Juni. Daktari alisema jambo kuhusu majira ya joto yajayo, sitaliandika hapa.

Kwa hiyo najua kwa nini umechora ulichochora. Lakini chumba cha vioo si kitu cha watu wa safu hii ya nyumba za wachimbaji. Nyumba ishirini na mbili, hakuna hata moja yenye kitu hicho. Watasema mimi Hetty Ollerton nimejipandisha.

Sijakubali. Ila niambie, mlango wake unafungukia ndani au nje? Ukifungukia nje utagonga stoo ya makaa.

Sikuiti nyumbani. Una kazi yako. Na usinisahihishe herufi kama mara ile, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu na nimeolewa, nimezaa na nimezika kwa herufi hizihizi.

Bibi yako,
Hester Ollerton


Invercargill
17 Oktoba 1987

Shikamoo Bibi,

Naomba radhi. Ningekuandikia wewe kwanza ungesema hapana, na hapana yako ikishatoka hairudi. Ndiyo maana nikamwandikia babu.

Huku New Zealand ni majira ya machipuko, upepo unatoka baharini unang'oa mabati. Mimi mzima. Ofisini bado tunachora mabanda ya vioo ya wakulima wa nyanya, marefu kama treni. Kila nikichora moja nafikiri, nyanya zinapata jua kuliko babu yangu. Ndivyo wazo lilivyoanza. Mpe pole Bi Ivy. Mpongeze shangazi kwa meno.

Mlango unafungukia ndani. Lakini stoo ya makaa itabidi ivunjwe, Bibi. Iko mahali hasa ambapo jua la mchana linaingilia.

Nahitaji vipimo, na kimoja ni muhimu kuliko vyote. Mafundi wengi hujenga ukuta wa matofali mpaka kiunoni, vioo vinaanzia hapo, kwa sababu wanawajengea watu wanaokaa kwenye viti. Babu halali kwenye kiti. Naomba ulale kwenye kitanda chake, kichwa juu ya mto wake, halafu mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye jicho lako. Ukuta wangu utaishia chini ya hapo. Na paa liwe kioo kitupu, lote, lisiwe na kipande cha bati wala plastiki. Fundi atakuambia paa la kioo ni usumbufu. Mwambie mchoraji amekataa.

Daktari alisema nini?

Mjukuu wako,
Gaynor


Hagg Moor
8 Novemba 1987

Gaynor,

Marahaba. Doreen hajambo, meno yamemchubua ufizi, sasa anakunywa supu na hacheki tena. Norman kaoa paka, maana yake analala naye na kumpikia samaki. Ivy anatembea na fimbo barabarani, akifika uani kwake anaiegemeza ukutani na kufukuza kuku.

Nimelala kwenye kile kitanda kama ulivyotaka. Ilikuwa Jumatano mchana, nikavua viatu, nikamwambia babu yako asogee. Akaniuliza kama nimepagawa. Nikamwambia mke mwenzangu wa Invercargill ndiye ameagiza. Akacheka mpaka ikabidi nimwinue akohoe. Tulikuwa hatujalala kitanda kimoja tangu Pasaka. Norman alipima, akiwa amegeuza uso kama padri. Inchi ishirini na tisa na nusu. Nilipogeuza kichwa nikaona anachokiona Wilf wangu kila siku, yale matofali ya klabu, na doa moja la maji lenye sura ya sufuria. Nikabaki pale muda mrefu kidogo kuliko kipimo kilivyohitaji.

Sasa nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipoacha shule walinipeleka kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya mwenye mgodi. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na chumba cha vioo kikubwa kuliko kanisa letu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo vya chini, vya juu aliosha mwanaume. Siku moja ya Januari, theluji imefika magotini, niliingia na ndoo yangu nikakuta mlimau umetoa maua. Gaynor, nje kila kitu kimekufa, na ndani mti umesimama na maua meupe, na ile harufu. Niliweka ndoo chini. Nilisimama tu, nikasahau kama nina mikono. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikujua kama duniani kuna kitu cha namna hiyo. Mama mwenye nyumba akaingia akaniambia mahali pangu ni jikoni.

Ndiyo maana nilisema si kitu cha watu wetu. Nilikuwa nasema maneno ya yule mama kwa mdomo wangu mwenyewe, na nimeona aibu.

Basi jenga. Stoo ya makaa ivunjwe. Makaa wanayopewa wastaafu wa mgodini yakiletwa wayamwage barabarani, nitayabeba kwa ndoo.

Kuhusu daktari, uliza habari za vioo.

Hester


Hagg Moor
3 Januari 1988

Gaynor,

Barua yangu ya Novemba umeila? Krismasi imepita, umetuma kadi yenye jina lako na neno "nawapenda", basi. Kadi hata benki wanatuma.

Karani wa halmashauri alikuja na viatu vya kung'aa, akazunguka uani, akauliza nani amechora ramani. Nikamwambia ni mtu mkubwa wa huko New Zealand anayejengea serikali. Akaandika. Kibali kitatoka Februari, anasema, kwa hiyo ninahitaji mchoro kamili wa lile paa la kioo ulilolitaka. Bila huo Cuthbert Raine hawezi kukata mbao, na Cuthbert ni seremala wa mgodini, akishaanza kazi nyingine humpati mpaka Agosti. Agosti hainisaidii.

Babu yako alikuwa na wiki mbaya baada ya Krismasi. Sasa ana mtungi wa hewa kando ya kitanda. Anaulizia mchoro. Haulizii mengine, na mimi sisemi.

Hester


Invercargill
15 Januari 1988

Shikamoo Bibi,

Mchoro huu hapa, karatasi tatu. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi.

Heri ya mwaka mpya kwa wote. Huku tumekula Krismasi nje, jua kali, kila mtu amebabuka pua. Nilipika pai kama yako ikawa ngumu, mbwa wa jirani ndiye aliyefaidi.

Kwenye karatasi ya pili utaona paa. Nimelirudia mara sita. Boriti ya katikati nimeisogeza upande wa mlango ili isikatize juu ya kitanda. Mtu akilala hapo asione ubao wowote kati yake na mbingu. Cuthbert atasema boriti ikikaa pembeni paa litalegea. Halitalegea, nimepiga hesabu, zote zimo nyuma ya karatasi, anaweza kuzikagua mwenyewe.

Mwambie babu nakumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kutoka shimoni, uso mweusi, macho na meno tu. Nilikuwa nakimbia kujificha nyuma yako. Halafu ananiita jina langu kwa sauti yake, na yule mtu mweusi anageuka kuwa babu. Kila siku niliogopa, na kila siku nilishangaa.

Mtungi wa hewa ni wa usiku tu, au mchana pia?

Gaynor


Hagg Moor
20 Machi 1988

Gaynor,

Marahaba. Doreen kabadilisha meno, haya yanapiga kelele akila tosti. Norman mzima. Ivy Pallister kasema barazani kwa watu kwamba natengeneza banda la matango, nikamwambia tango la kwanza litakuwa lake na mahali pa kuliweka nitamwonyesha.

Kibali kilitoka tarehe tisa Februari. Sasa sikiliza walivyochimba msingi, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama hicho na nimeishi hapa miaka sabini na mmoja.

Sikuajiri mtu. Walikuja wenyewe asubuhi, wazee saba waliofanya kazi na babu yako kwenye mwamba uleule, mdogo wao ana miaka sitini na sita. Kila mmoja na koleo yake ya mpini mfupi. Wakapiga magoti, Gaynor. Anga lote liko wazi juu yao, wanaweza kusimama, wanaweza kurukaruka wakitaka, lakini wakapiga magoti wakachimba ubavuubavu kama walivyochimba kule chini ambako dari lilikuwa juu ya migongo yao. Hawajui namna nyingine. Koleo zilikuwa zinaingia na kutoka kwa pamoja kama pumzi ya mtu mmoja. Mtaro ulipofika futi mbili wakaukingia magogo pande zote ili usibomoke. Mtaro wa futi mbili. Yule karani wa viatu vya kung'aa alipokuja kukagua aliuliza magogo ya nini, wakamtazama kama mtoto aliyetaka kuchezea moto.

Babu yako alikuwa kitandani kule mbele. Alisikia zile koleo kupitia ukutani. Aliniambia nani anachimba wapi, jina kwa jina, kwa sauti ya koleo tu, na hakukosea hata mmoja.

Vioo vya ukutani viko tayari. Vya paa vilivunjika kwenye lori, vyote, dereva ameshika kofia mkononi kama yuko mazishini. Vingine vitakuja mwisho wa Mei. Cuthbert amefunika paa kwa turubai jeusi. Nilitaka kusubiri, babu yako akakataa, akasema apelekwe hivyohivyo. Basi Jumatatu iliyopita wale saba wakabeba kitanda na yeye akiwa juu yake, na mtungi, na ile karatasi yako yenye mchuzi, wakapita jikoni kwangu na viatu vyenye tope, mimi nikiwafungulia mlango.

Juu kuna turubai, pembeni kuna vioo. Siku nzima alikuwa anatazama sakafu. Nikadhani amechukia. Jioni, chai imepoa, akaniita. Akaniambia, "Hetty, jua linatembea."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaninyooshea kidole sakafuni. Asubuhi lilikuwa kwenye mguu wa kitanda, sasa limefika mlangoni, na yeye amelifuata kwa macho njia nzima. Miaka arobaini na miwili aliingia shimoni kabla halijachomoza, na wakati wa baridi alitoka likiwa limeshazama. Jumapili alilala au alikuwa na njiwa. Alijua kama linatembea, kila mtu anajua. Ila alikuwa hajawahi kukaa akalitazama likifanya hivyo. Ana miaka sabini na minne. Nilivuta kiti, tukalitazama wote wawili mpaka likaondoka, na viazi vikaungua.

Banda la njiwa analiona kutoka kwenye mto. Inchi zako zilikuwa sawa.

Hester


Invercargill
2 Aprili 1988

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma ofisini, kosa kubwa. Walidhani nimefiwa.

Naomba sehemu hii usimsomee babu. Najua unamsomea barua zangu na najua unaruka unayotaka kuruka, kwa hiyo ruka na hii.

Hukuniita, na mimi sikusema nakuja. Tumeandikiana miezi sita kuhusu mbao. Kuchelewa kwangu mwezi wa Desemba hakukuwa kazi. Nilikwenda mara mbili kwa wakala wa ndege, nikakaa kwenye kiti, nikaondoka. Naogopa, Bibi. Wilf Ollerton ninayemjua mimi alikuwa ananibeba bega moja na gunia la mahindi ya njiwa bega la pili. Huyo wa mtungi simjui. Nimewaza kwamba nikibaki huku yule wa zamani ataendelea kuwapo. Paa lile nimelichora mara sita kwa sababu kulichora ni rahisi kuliko kuja kusimama chini yake.

Nimeandika. Sasa unaweza kunitukana.

Mwambie Cuthbert vioo vya paa vikija, mpira wa kuzibia uwekwe siku isiyo na mvua.

Gaynor


Hagg Moor
Jumapili, 12 Juni 1988

Gaynor,

Ile sehemu sikumsomea. Na sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha, halafu nikawa sijui niseme nini, na mimi huwa nakosa vingi lakini si cha kusema. Salamu zitasubiri. Doreen ana meno, inatosha.

Jana ilikuwa mashindano ya Ufaransa.

Vioo vya paa vilikuja tarehe thelathini Mei. Cuthbert alitaka kuviweka Jumatatu iliyofuata, babu yako akamwambia hapana, Ijumaa tarehe kumi. Cuthbert akamtazama. Norman naye alikuwepo, akageuka akawa anachungulia birika langu. Babu yako akarudia, Ijumaa, si kabla. Mimi nikafikiri ni mambo ya mvua na ule mpira wako wa kuzibia.

Alhamisi wakawatia njiwa kwenye vikapu, wakapelekwa na lori la klabu ya njiwa mpaka Ufaransa. Ijumaa Cuthbert na wenzake wakatoa turubai, wakapachika vioo. Niliviosha mwenyewe, nimesimama kwenye ngazi na goti langu, mpaka ukiangalia hujui kama kuna kitu pale.

Sasa wewe umekulia hapa, unajua, lakini umekaa na kondoo muda mrefu kwa hiyo nakukumbusha. Njiwa akiwa safarini hubadilishi kitu nyumbani. Miaka arobaini na sita ya ndoa sijaanika nguo Jumamosi ya mashindano, hata leso, kwa sababu njiwa akikuta kitu kigeni uani hatatua, na asipotua na kuingia bandani ile pete ya mguuni haitiwi kwenye saa ya mashindano inayochapa muda wa kufika, na saa isipopigwa hujashinda, hata kama ndege yuko juu ya kichwa chako. Hata mtoto wa safu hii anajua. Na mimi niliyekaripiwa kwa ajili ya soksi moja nilipanda ngazi nikang'arisha paa zima la kioo wakati ndege wako Ufaransa. Haikunijia akilini. Niliona vioo tu.

Waliachiwa saa kumi na mbili asubuhi. Mchana saa nane na dakika kumi uani palikuwa na watu tisa, wote wanatazama angani. Norman akasema kwa sauti ndogo, "Yule pale." Jike wa bluu. Alikuja kutoka juu ya kanisa, peke yake, wa kwanza wa mji mzima, Gaynor, hakuna mwingine angani. Akakunja mbawa akaanguka kama jiwe kuelekea bandani.

Akaliona paa. Lilikuwa linawaka jua lote. Akafungua mbawa akapanda juu tena.

Nilielewa papo hapo. Norman anatikisa kopo la mahindi, anapiga mluzi, ndege anazunguka tu. Akaja wa pili, naye akashuka, akaona, akapanda. Wa tatu. Mpaka saa tisa kasorobo walikuwa kumi na mmoja wanazunguka juu ya nyumba yetu, na ndege wa watu wengine wanaanza kuingia kwenye mabanda yao, tunasikia saa zao zikigongwa ua hadi ua.

Nikaingia ndani kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Alikuwa amelala chali, ile barakoa ya mtungi wa hewa ameivua. Nikasema, "Wilf, ni vioo. Ni mimi niliyeviosha."

Akasema, "Nyamaza, Hetty. Lala hapa uangalie."

Nikalala na viatu. Nikaangalia juu.

Sijui kama nitaweza kuliandika hili. Hakukuwa na ubao wowote, ni kama ulivyosema. Hakukuwa na paa. Walikuwa wanapita juu yetu karibu kiasi kwamba niliiona miguu yao myekundu imekunjwa kwenye manyoya ya tumbo. Jua lilikuwa linapenya kwenye mbawa, kila unyoya umetengana na mwenzake kama vidole vya mtoto ukiviweka mbele ya taa. Waligeuka wote kwa pamoja, kumi na mmoja, wakawa weupe. Wakageuka tena wakawa bluu. Kivuli chao kikawa kinatuvuka, kinapita usoni kwake, kwenye blanketi, kwangu, kinakwenda, kinarudi. Wametoka Ufaransa, wamevuka bahari, hakuna aliyewaonyesha njia, na wako pale juu ya mto wa Wilf Ollerton wanazunguka kama kitu kilichofungwa kwa uzi kwenye kifua chake. Nimefuga ndege hao kwa kulalamika miaka yote hiyo, nimewafagilia mavi, na sikuwa nimewahi kuwaona.

Nikamwambia, utashindwa. Akasema, "Najua. Nilijua nilipotaka iwe Ijumaa."

Nikageuka nimtazame. Akasema polepole, kwa sababu ya pumzi, "Miaka hamsini nawatazama nikitaka washuke haraka. Sijawahi kuwaacha waruke."

Alijua, Gaynor. Ndiyo maana alisema Ijumaa. Na Norman alijua, na Cuthbert alijua, na wale saba wote walijua, wakasimama uani na nyuso za msiba kwa heshima yake, na yule mjinga Norman akatikisa kopo kwa dakika hamsini ili mimi nisishtuke. Nimewatukana wote mmoja mmoja. Cuthbert alikuwa analia, akasema ni vumbi.

Jike wa bluu alishuka saa tisa na dakika tano. Hakupata kitu. Babu yako alilala mara moja, na alilala mpaka asubuhi bila kukohoa.

Sasa jibu la swali lako la Oktoba. Daktari alisema hafiki vuli ya mwaka huu. Nilikuwa nalijua tangu mwanzo na sikuliandika kwa sababu ningeliandika ningelisoma. Jana jioni daktari alikuja tena, akasema wiki. Hakusema ngapi na mimi sikumuuliza.

Unaogopa kukuta mtu usiyemjua. Utamkuta, nakwambia ukweli. Amekwisha, mkono wake unaingia kwenye pete yangu ya ndoa. Lakini jana alikuwa mtu ambaye hata mimi sikumjua, na nimemwosha mgongo miaka arobaini na sita, na sikuogopa. Nilikuwa nashangaa tu. Wewe ulisema mwenyewe ulikuwa unajificha nyuma yangu mpaka akuite. Anakuita. Leo asubuhi kaniambia, "Yule mtoto aje aone alichokichora." Na mimi, niliyejifanya jiwe nikaandika sikuiti, nakuita.

Tarehe tisa Julai kuna mashindano mengine, lakini usingoje tarehe yoyote. Ukishaisoma hii usiende ofisini. Nenda kwa yule wakala, kaa kwenye kile kiti chake, na usinyanyuke mpaka uwe na tiketi mkononi. Ukifika Newcastle Norman atakuwa kituoni, amevaa kofia ya kijani. Ukiingia usimwambie babu yako anaonekana vizuri, hapendi uongo. Vua viatu, lala upande wa dirisha, tazama juu.

Na barua hii usiijibu. Barua inakuja kwa siku tisa, ndege inakuja kwa mbili. Panda ndege.

Bibi yako,
Hester Ollerton